Walifunga ziwa miezi 3. Sasa watuambie: samaki wameongezeka ao hapana?

Kalemie, mwezi wa 9

Wandugu wavuvi, wamama wa soko, wababa wenye mitumbwi, vijana wenzetu wa Kalemie, Moba, Kabimba na vijiji vyote vya ukingo,

Tangu tarehe 15 ya mwezi wa 8 ziwa Tanganyika limefunguliwa. Usiku taa zimerudi juu ya maji. Tangu saa kumi na moja ya asubuhi wamama wako ukingoni na mabeseni yao, wanangojea mitumbwi irudi. Kila mtu alifurahi, hata siye tulifurahi. Lakini wiki hizi tumeona mabeseni yanarudi nusu. Tumeona pia ndakala wadogo sana kama vijiti vya kiberiti wanauzwa mchana, mbele ya macho ya wale wale waliokuwa wanakamata wavuvi mwezi wa 6. Ndiyo maana tumeandika barua hii.

Mbele ya yote tuseme wazi, sababu kuna watu watatugeuzia maneno: siye hatupingi kufunga ziwa. Shamba linapumzika, mwanamke aliyezaa anapumzika, na ziwa vilevile linahitaji kupumzika. Tunachopinga ni kufunga bila kulisha, kufungua bila kulinda, na kurudia mambo yale yale kila mwaka bila mtu hata mmoja kuhesabu kilichopatikana.

Mwezi wa 9 ni mwezi gani kwa ziwa letu?

Wazee wetu wavuvi wanajua, na wenye kusoma sayansi walikuja kusema vilevile. Tangu mwezi wa 5 mpaka wa 9 upepo wa kusini unavuma kwa nguvu. Unasukuma maji ya juu, yale ya moto, kuelekea kaskazini. Kule kusini, maji ya baridi yanapanda kutoka chini, yakiwa na chakula kilichokuwa kimezama. Upepo ukipungua mwezi wa 9, maji yaliyosukumwa yanarudi. Inua beseni la maji upande mmoja halafu uliachilie: maji yataenda na kurudi, yataenda na kurudi. Ziwa lenye urefu wa kilometa zaidi ya 650 linafanya hivyo kwa wiki nyingi, na chakula kinapanda kwenye mwanga hata upande wa kaskazini. Vijidudu vidogo vinaongezeka, ndakala wanavifuata, na mikebuka wanafuata ndakala. Bukari yetu inafuata nyuma.

Kwa hiyo mwezi wa 9 na wa 10 si miezi ya kawaida. Ni wakati ziwa linaanza kutoa. Kama miezi 3 ya kufunga ilileta faida, faida hiyo tungeiona sasa. Na kama tunataka kuharibu kazi yote ya miezi 3, wakati wa kuiharibu vilevile ni sasa, kwa kuingia na nyavu za matundu madogo siku ambazo watoto wa samaki wamejaa karibu na ukingo.

Tunauliza serikali: mwezi huu unaokuambia kama mpango wako unafaa ao haufai, uko wapi? Mwezi wa 5 tulikuona na bunduki na karatasi. Mwezi wa 9 hatukuoni hata na kalamu.

Eti wavuvi njo wanamaliza samaki

Tunasikia maneno haya kwenye radiyo, kwenye semina, hata kwenye midomo ya wasomi wenzetu. Mvuvi hajasoma, mvuvi anakula kesho yake. Tujibu bila hasira.

Mwaka 2003 wanasayansi waliandika katika jarida la Nature kwamba maji ya juu ya ziwa Tanganyika yanapata joto. Maji ya moto ni mepesi, yanakaa juu kama kifuniko cha sufuria. Kifuniko kikikaza, chakula cha chini hakipandi vizuri, na samaki wanapungua hata kama hakuna mtu ametupa wavu. Mwaka 2016 wengine walichimba matope ya chini ya ziwa, wakasoma alama za miaka mingi. Waliona kwamba samaki walianza kupungua mbele ya uvuvi mkubwa wa biashara kuanza katika miaka ya 1950. Sasa, mvuvi wa Kamkolobondo mwenye taa tatu na mutumbwi wa kukopa ndiye aliyepasha dunia joto? Viwanda na magari vilivyofanya hivyo haviko Kalemie. Huku hata umeme tunautafuta.

Lakini siye si watu wa kudanganya wetu. Ukweli una upande wa pili. Hesabu ya ziwa lote iliyofanywa 1995 ilikuta wavuvi karibu 45,000. Ile ya 2011 ilikuta karibu 95,000. Katika miaka 16 idadi imezidi mara mbili, na ziwa halikuongezeka hata kipimo kimoja. Kwa nini wamekuwa wengi hivyo? Uliza. Viwanda vimekufa, barabara zimekufa, treni inakuja siku inayotaka, vita vimefukuza watu kwenye mashamba yao. Mtu akikimbia na watoto mpaka ukingoni, atafanya nini? Ziwa limekuwa biro ya kazi ya nchi nzima. Siye wenyewe tunaoandika tuko na lisansi ndani ya plastiki chini ya godoro, na asubuhi tunasaidia kuvuta kamba ili tupewe kilo moja ya samaki. Mmoja wetu alisoma uchumi miaka mitano. Leo kazi yake ni kushika kaye ya mukopo ya mama yake, anayeuza ndakala wakavu.

Basi tusiseme "wavuvi wamezidi" kama vile walianguka kutoka mbinguni. Waliongezeka sababu leta iliwafungia milango mingine yote. Na sasa kila mwaka inafunga mlango wa mwisho kwa miezi 3.

Miezi 3 ilikuwa vipi ndani ya nyumba zetu

Kaye ile ya mukopo tumeisoma. Mwezi wa 5, madeni yalikuwa ya mchele na mafuta. Mwezi wa 6, unga wa mihogo. Mwezi wa 7 mama aliacha kuandika, sababu hakuna mtu alikuwa anakopesha tena. Watoto walirudishwa nyumbani bila kumaliza mitihani sababu ya pesa ya masomo. Wavuvi vijana walipanda kwenye machimbo, na wengine hawajarudi. Wamama walikula sombe bila samaki, na wale wenye mimba vilevile.

Tulikwenda kumuuliza mama mmoja pale ukingoni, mwenye miaka zaidi ya 30 katika biashara hii. Alituambia: "Miye sina shida na kufunga, bana bangu. Hata kuku unamuacha alale juu ya mayai. Lakini leta inajua kufunga, haijue kulisha. Balikuja na karatasi, balisema marufuku, banaenda. Na miye nilibaki na batoto sita."

Serikali haikumpa mama huyu mkopo mdogo, wala mbegu, wala kilo moja ya unga. Wakati huo huo, samaki wa usiku hawakukoma. Walikuja, tuliwaona, na bei yao ilikuwa juu mara nyingi. Anayefunga bila kulisha anapandisha bei ya rushwa tu: aliye na pesa ya kumlipa mlinzi alivua, asiye nayo alilala njaa. Je, hapo ziwa lilipumzika, ao ni maskini peke yake aliyepumzishwa?

Na siye wenyewe

Sasa tugeuze kidole. Tunaandika hii kwa wavuvi na wazazi wetu kwa heshima, lakini tutaiandika.

Mustikere tunazopewa ili watoto wasikufe na malaria, tunazishona na kuzitupa ndani ya maji. Wavu wa mustikere hauchagui. Unabeba ndakala wa siku chache, unabeba watoto wa kuhe, unabeba mayai na majani. Tena ina dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo inaingia ndani ya maji tunayokunywa na kuogea. Halafu usiku mtoto analala bila mustikere, anapata homa, na samaki wadogo tuliowavua tunawauza ili kununua dawa. Ni hesabu gani hiyo? Ni kula mara mbili kutoka mfukoni mwetu wenyewe.

Tunajua jibu: "Wavu mzuri ni bei." Ndiyo, ni bei. Njo maana tunadai hapa chini wavu mzuri usitozwe kodi. Lakini hata bei haikuruhusu kuvua karibu na ukingo mwezi wa 9, wakati watoto wa samaki wako pale. Wazee wa zamani walikuwa na miiko yao. Walijua sehemu za kuacha na siku za kuacha, na hapakuwa na polisi. Kama wao waliweza bila diploma, siye tunashindwa nini?

Karatasi, barieri na jina la kodi

Tangu ziwa lifunguliwe, mtumbwi ukigusa mchanga wanakuja. Huyu anataka ya mtumbwi, yule ya wavu, wa tatu ya taa, wa nne "ya kahawa". Mama akibeba beseni kwenda soko, barieri mbili. Wengi hawatoi resu. Ukiomba resu wanakuuliza kama wewe ni mwanasheria.

Basi tujibu kama wanasheria. Kifungu cha 174 cha Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006 kinasema kwamba kodi inawekwa na sheria peke yake. Haiwekwi na kofia, haiwekwi na bunduki. Malipo yasiyo na sheria na yasiyo na resu si kodi, ni wizi wenye uniform. Na kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya na ya usalama wa chakula. Hatuombi huruma. Tunasoma kitabu ambacho wakubwa waliapa juu yake.

Jambo linalotukasirisha zaidi ni hili: servisi zote hizi zinajua kuhesabu mitumbwi wakati wa kutoza, lakini wakati wa kuhesabu kilo za samaki hakuna anayejua. Mtumbwi mmoja unaandikwa mara nne kwa siku kwenye karatasi za watu wanne, na samaki waliotoka ndani yake hawaandikwi hata mara moja.

Upepo unabadilika, na hakuna anayetuambia

Kuna jambo lingine la mwezi wa 9 na wa 10. Upepo wa kiangazi unakatika, mvua zinaanza kukaribia, na dhoruba inaweza kushuka kutoka milimani kwa ghafla. Mvuvi aliyekaa miezi 3 bila pesa hawezi kungojea. Anatoka hata kama mawingu ni mabaya, na taa zake, na bila jile. Kila familia ya ukingo inajua jina la mtu ambaye hakurudi. Hatutaandika majina hapa. Wazazi wao wanatosha kuyabeba.

Leo simu ya mtoto wa shule inaweza kupokea habari ya mpira wa Ulaya kila dakika. Je, ni kazi kubwa gani kutangaza kwa Kiswahili, kwenye radiyo za hapa, saa kumi ya jioni mbele ya mitumbwi kutoka, hali ya upepo wa usiku? Hiyo haihitaji daraja wala lami. Inahitaji mtu mmoja, kipimo kimoja na maikro moja.

Tujihadhari na wale wa "mutuchague, tutafungua ziwa"

Wako tayari. Wanasiasa wengine wamegundua kwamba njaa ya mvuvi ni kura. Wanapita wanasema wakipata kiti hakutakuwa tena kufunga. Ndugu, watu hao wanakudanganya kwa vitu viwili. Kwanza, ziwa si la Kongo peke yake. Tuko na karibu nusu ya maji yake, lakini Tanzania, Burundi na Zambia nazo ziko. Nchi hizi 4 zilitia sahihi mkataba wa ziwa mwaka 2003, ziko na Mamlaka ya pamoja pale Bujumbura, na Tanzania nayo ilifunga upande wake mwaka 2024. Samaki hana pasipoti: ndakala anayezaliwa Moba anaweza kuvuliwa Kigoma. Pili, mtu anayekuahidi kula mbegu leo hatakuwa karibu nawe wakati wa njaa ya kesho. Atakuwa Kinshasa.

Lakini serikali nayo isijifiche nyuma ya nchi 4. Mkataba unasema tulinde samaki pamoja. Haujasema mvuvi wa Kongo alale njaa peke yake.

Tunadai nini

1. Mbele ya mwisho wa mwezi wa 10, serikali ya jimbo itangaze hadharani, kwa Kiswahili, matokeo ya kufunga: samaki wangapi walipimwa mbele na nyuma, wa ukubwa gani, sehemu gani. Kama hawakupima, waseme hawakupima. Uvira kuko kituo cha utafiti wa maji na samaki. Watu wenye kujua kazi hii hawakosekani katika nchi. Wapewe njia, na kazi yao ifike mpaka ukingoni.

2. Mbele ya ziwa kufungwa tena, kuwe na mpango ulioandikwa wa miezi 3: chakula kwa familia za wavuvi walioandikishwa, mikopo midogo kwa wamama wa samaki, kazi za mikono za muda kama kusafisha mifereji na kutengeneza barabara za soko. Bila mpango huo, kufunga ni adhabu.

3. Nyavu halali ziingie bila kodi, na anayeleta mustikere yake ya kuvulia apewe punguzo kwa wavu mzuri. Mustikere mpya zibaki juu ya vitanda.

4. Orodha ya kodi zote halali za uvuvi ibandikwe kwenye kila ukingo wa kushushia samaki, na bei yake na jina la sheria yake. Kisichokuwa kwenye orodha kisilipwe.

5. Habari ya upepo kila jioni kwenye radiyo, na jile kwa kila mtu anayetoka usiku.

Siye tutafanya nini

Hatutaki kuwa watu wa kulia tu. Tuko na vijana waliosoma uchumi, takwimu, kilimo, na hawana kazi. Tuko na mikono na macho. Basi kuanzia wiki hii tunaanza kuhesabu.

Kwenye kingo mbili za mji, kila asubuhi wakati mitumbwi inarudi, wawili wetu watakuwa pale na kaye na mizani ya kuazima. Tutaandika mitumbwi mingapi imerudi, mabeseni mangapi, samaki wa aina gani, na tutapima urefu wa samaki 20 tutakaowachukua bila kuchagua. Siku za mwezi mkubwa, wakati taa hazifanyi kazi na wavuvi wanapumzika, tutajumlisha. Hatutaandika jina la mvuvi wala nambari ya mtumbwi wake. Hatutozi kitu. Mvuvi atakayekataa, tutamwambia asante na tutakwenda kwa mwingine. Kila mwisho wa mwezi tutabandika hesabu kwenye mlango wa soko, na nakala tutaipeleka kwenye biro ya gavana, wapokee mkono kwa mkono.

Tunajua hesabu yetu itakuwa ndogo, na wataalamu wataikosoa. Waje waikosoe! Waje na mizani kubwa kuliko yetu. Siku hiyo tutafunga kaye zetu kwa furaha na kuwapisha.

Kwa wavuvi tunaomba kitu kimoja: mkituona na kaye, msikimbie mkidhani siye ni watu wa kodi. Siye ni watoto wenu. Masomo yetu yalilipwa na ndakala. Hatujawahi kuwarudishia kitu, tuanzie hapa.

Na kwa wale wa barieri: kalamu yetu itaandika na nyinyi pia. Siku, saa, kiasi, resu imetoka ao haikutoka.

Ziwa lilifungwa miezi 3 kwa jina letu. Matokeo yake ni haki yetu. Tunangojea jibu mpaka mwisho wa mwezi wa 10. Lisipokuja, tutakwenda kulichukua kwa miguu, kwa amani, wavuvi mbele, wamama na mabeseni yao matupu katikati, na siye na kaye zetu nyuma.

Siye, vijana raia wa Kalemie